Mkimbizi na Mkimbiaji: Maisha ya Alexander Obolensky

Mwaka jana, katika somo la mofolojia, mhadhiri wetu aliandika ubaoni maneno mawili tu: mkimbizi na mkimbiaji. Alitutaka tueleze jinsi yote mawili yanavyotoka katika kitenzi kimoja, kimbia. Kazi haikuwa ngumu. Tulimwonyesha kwamba shina la zamani lilikuwa na konsonanti l mwishoni, ambayo leo haisikiki katika kimbia lakini hujitokeza tena katika kimbilia na kimbilio. Mbele ya kiambishi i cha mtendaji, l hiyo ikageuka z, tukapata mkimbizi. Katika mkimbiaji, kiambishi ni ji, nacho kimeongezwa kwenye kitenzi cha leo bila kukibadilisha. Kwa umbo ni ndugu wa tumbo moja. Kwa maana wameachana mbali: mmoja anakimbia kwa sababu anapenda, mwingine kwa sababu amekosa namna nyingine.

Kisha mhadhiri akatuomba sentensi moja ambamo maneno hayo mawili yanamhusu mtu mmoja. Mwenzetu mmoja akajibu kwamba kila mkimbizi, siku ile ya kwanza, ni mkimbiaji hodari. Tukacheka kidogo, halafu tukanyamaza. Katika chumba kile hakukosekana mtu ambaye mama yake au mjomba wake aliwahi kuitwa mkimbizi. Somo likaisha bila sentensi.

Sentensi yangu nimeipata baadaye, na ni ndefu kuliko ilivyoombwa. Inahusu mtu aliyekufa zamani, mwaka 1940, akiwa na umri nilio nao mimi leo: miaka 24. Aliitwa Alexander Obolensky. Alikuwa Mrusi aliyekimbizwa kwao akiwa mtoto, akachezea timu ya taifa ya Uingereza katika mchezo wa raga kwa muda wa siku 77 tu, na katika mechi ya kwanza kati ya nne alikimbia mara mbili kwa namna ambayo Waingereza hawajaisahau hadi leo.

Alizaliwa tarehe 17 Februari 1916 katika mji mkuu wa Urusi, ambao wakati huo uliitwa Petrograd na leo unaitwa Saint Petersburg. Baba yake, Serge, alikuwa ofisa katika jeshi la farasi la walinzi wa Kaisari. Ukoo wao ulihesabu nasaba yake hadi kwa Rurik, mwanzilishi wa watawala wa kale wa Urusi. Ndiyo maana magazeti ya Uingereza yalimwita mwana wa mfalme, na hapo sisi wa lugha tunapaswa kusimama kidogo. Neno la Kirusi ni knyaz. Halimaanishi mtoto wa mfalme anayetawala. Ni cheo cha ukoo, na kila mtoto wa ukoo huo hukirithi, hata kama baba yake hana kijiji kimoja cha kutawala. Alexander hakuwa mtoto wa Kaisari wala mrithi wa kiti chochote. Alikuwa na cheo cha zamani katika nchi ambayo, kabla hajatimiza miaka miwili, ilikuwa imefuta vyeo vyote.

Jina lenyewe nalo lina habari. Obolensk ulikuwa mji wa kale karibu na mto Protva, kusini mwa Moscow. Kiambishi kilichofuata, sky, hulifanya jina la mahali kuwa kivumishi. Kazi yake inafanana sana na kazi ya kiunganishi chetu cha a-unganifu: Obolensky ni mtu wa Obolensk. Kwa Kirusi kivumishi hicho hufuata jinsia, kwa hiyo mama na dada huitwa Obolenskaya. Walipofika Uingereza upatanisho huo ulipotea, wanawake kwa wanaume wakaitwa Obolensky. Alexander alibeba basi katika jina lake jibu la swali ambalo angeulizwa maisha yake yote, yaani yeye ni wa wapi. Tatizo ni kwamba jibu hilo lilitaja mahali ambapo hangeweza kurudi.

Baada ya mapinduzi ya 1917 familia yake iliondoka Urusi. Haikuwa peke yake. Warusi zaidi ya milioni moja walitawanyika katika miaka hiyo, na mwishoni mwa 1921 serikali mpya ya Lenin ikatoa amri iliyowavua wengi wao uraia. Wakawa watu wasio na nchi. Shirikisho la Mataifa lilikuwa limemweka Fridtjof Nansen wa Norwei kuwashughulikia, na mwaka 1922 ikaanza ile hati ya kusafiria iliyopewa jina lake. Tukizungumza leo juu ya wakimbizi kama watu wenye haki zinazotajwa katika karatasi, tunazungumza juu ya utaratibu ulioanzia kwa wale Warusi. Akina Obolensky walikuwa katika msafara huo mkubwa. Walitua London, wakakaa Muswell Hill, kaskazini mwa jiji. Cheo chao kiliwafuata, lakini maisha ya ofisa wa Kaisari yalikuwa yamebaki nyuma.

Mtoto huyo alikua akisema Kiingereza cha shule za bweni. Alisoma kwanza Derbyshire, katikati ya Uingereza, kisha katika Trent College, Long Eaton, na huko ndiko alikojulikana kwa mbio. Mwaka 1934 aliingia Chuo Kikuu cha Oxford, katika koleji ya Brasenose, kusoma falsafa, siasa na uchumi. Siwezi kumpamba mbele ya wahadhiri wetu: alipomaliza mwaka 1938 alipata daraja la nne, lililokuwa la mwisho kabisa kati ya madaraja ya kufaulu. Nguvu zake alizipeleka uwanjani.

Kwa kuwa raga haichezwi sana kwetu, na wengi wetu tunaijua kwa kuitazama katika televisheni za Kifaransa tu, nieleze kwa ufupi. Kila timu ina wachezaji 15. Mpira una umbo la yai. Kwa mikono hurushwa nyuma au pembeni tu. Mbele unasogezwa kwa teke au kwa mtu kukimbia nao. Anayefika nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani na kuugusisha mpira chini amefunga trai, ile ambayo Wafaransa huiita jaribio. Wakati huo trai ilikuwa na pointi 3, na timu iliyoipata ilipewa nafasi ya kupiga teke kati ya milingoti ili kuongeza pointi 2. Winga ni mchezaji wa pembeni kabisa, karibu na mstari wa kando. Wenzake husukumana katikati kama ng'ombe kwenye mlango wa zizi, yeye husubiri. Anaweza kusubiri mechi nzima mpira usimfikie. Ukimfikia, kazi yake ni moja: akimbie.

Obolensky alikuwa winga wa kulia. Mwishoni mwa 1935 aliichezea Oxford dhidi ya Cambridge, mechi ambayo katika miaka ile ilitazamwa na nchi nzima, na baada ya hapo wateuzi wa timu ya taifa wakamwita. Alikuwa na miaka 19. Wapinzani walikuwa All Blacks wa New Zealand, waliokuwa katika ziara ya visiwa vya Uingereza. Uingereza ilikuwa imekutana nao mara mbili tu, mwaka 1905 na 1925, na mara zote mbili ilikuwa imeshindwa.

Uteuzi huo ulileta manung'uniko. Kijana yule hakuzaliwa Uingereza, wazazi wake hawakuwa Waingereza, na siku alipoitwa hakuwa bado na uraia. Kulikuwa na waliosema wazi kwamba shati jeupe lenye ua jekundu la waridi halimfai mgeni. Wateuzi hawakurudi nyuma.

Tarehe 4 Januari 1936, katika uwanja wa Twickenham, timu zilipangwa mstari ili kusalimiwa na mgeni wa heshima, Edward, mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza. Inasimuliwa kwamba alipofika mbele ya Obolensky alimuuliza ni kwa haki gani anaichezea Uingereza. Kijana akajibu kwamba yeye ni mwanafunzi wa Oxford, akamalizia kwa neno la heshima linalompasa mkubwa.

Nimelifikiria sana jibu hilo, nikilitazama kama mwanafunzi wa lugha. Aliulizwa swali la haki, akajibu kwa jina la mahali. Hakusema kwamba yeye ni Mwingereza, maana haikuwa kweli. Hakutaja ukoo wake, ingawa mbele yake alisimama mtu wa ukoo wa kifalme na yeye alikuwa na nasaba ya kushindana naye. Hakutaja Urusi. Alitaja mahali anapoamkia, anaposoma na anapofanyia mazoezi. Kwa Kiswahili tungesema alibadilisha nomino inayofuata wa: si wa Obolensk tena, bali wa Oxford. Sisi Wakongo tunalijua swali hilo la wewe ni wa wapi. Tunaulizwa kwenye vizuizi vya barabarani, tunaulizwa ofisini, na mara nyingi anayeuliza ameshalijibu kichwani baada ya kusoma jina letu kwenye kadi.

Mechi ikaanza. Uwanja ulikuwa umejaa, watu elfu kadhaa kwa makumi. Filamu fupi ya habari iliyopigwa siku hiyo ipo mpaka leo, na nimeitazama zaidi ya mara moja kwenye simu. Picha zake ni za rangi mbili tu, jambo ambalo halisumbui kwa sababu mashati nayo ni meupe na meusi. Katikati ya watu wote wale utamtambua kijana mmoja mwenye nywele za rangi ya dhahabu.

Trai ya kwanza alifunga kwa njia ambayo kila winga hufundishwa. Alipokea mpira upande wake wa kulia, akamzunguka kwa nje Gilbert, mlinzi wa mwisho wa New Zealand, na mbio zikamaliza mambo. Ilikuwa nzuri, lakini mashabiki walikuwa wameshaona trai za namna hiyo.

Ya pili haikuwa ya kufundishwa. Kabla ya mapumziko alipata mpira tena kule kulia. Wapinzani walikuwa wanamwelekea wakijua kwamba winga wa kulia hukimbilia kona ya kulia. Ndivyo kazi yake ilivyo, na ndivyo alivyofanya dakika chache zilizopita. Yeye akageuka ndani. Akaukata uwanja kimshazari kuelekea kushoto, akipita mbele ya safu nzima ya mashati meusi. Waliokuwa wameshaanza kukimbilia kulia hawakuwahi kugeuza miguu. Aliuvuka mstari upande wa kushoto, mahali ambapo winga wa kulia hana shughuli. Ukiitazama filamu utaona kwamba hakuna aliyemgusa.

Katika kipindi cha pili Peter Cranmer alidondosha mpira chini, akaupiga ulipodunda na kuupitisha kati ya milingoti, teke ambalo wakati huo lilikuwa na pointi 4. Winga wa kushoto, Hal Sever, akafunga trai ya tatu. Mateke ya nyongeza yote matatu yalikosa. Uingereza ikashinda 13 kwa 0. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza juu ya All Blacks, na ilibidi isubiri hadi 1973 kuupata mwingine. Tofauti ile ya pointi 13 haikupitwa hadi mwaka 2012.

Asubuhi iliyofuata kijana asiye na uraia alikuwa mtu maarufu kuliko wote katika nchi. Filamu ya habari ilionyeshwa katika kumbi za sinema, na habari yenyewe ikawa kana kwamba Obolensky peke yake ndiye aliyewashinda All Blacks, wale 14 wengine wakawa wasindikizaji. Baadaye mwaka huohuo wa 1936 alipata uraia wa Uingereza. Wenzake walimwita Obo. Mwanafunzi wa mofolojia hawezi kuliacha jina hilo lipite. Ufupisho huo umekata kile kiambishi cha wa pamoja na kipande cha mzizi. Kilichobaki hakina maana kwa Kirusi wala kwa Kiingereza, na hakitaji mji wowote. Hakuna anayeweza kumuuliza Obo kuwa ni wa wapi. Wenzake walikuwa vijana wa koleji waliotafuta neno fupi la kuitana uwanjani, lakini nadhani walimpa zawadi kubwa kuliko walivyojua.

Historia ingependeza kama ingeishia hapo. Lakini wiki mbili baadaye, mjini Swansea, Uingereza ilitoka sare na Wales 0 kwa 0. Mwezi wa Februari ilifungwa na Ireland mjini Dublin, 6 kwa 3. Tarehe 21 Machi iliishinda Scotland Twickenham, 9 kwa 8. Obolensky alicheza mechi zote tatu na hakufunga trai hata moja. Walinzi walikuwa wamejifunza kumtazama, na winga hana uwezo wa kujiletea mpira mwenyewe. Baada ya mechi ya Scotland hakuitwa tena. Mwaka uliofuata Uingereza iliwashinda Wales, Ireland na Scotland wote watatu bila yeye. Alikuwa na mechi nne na trai mbili, zote mbili za nusu saa moja ya mchana mmoja wa Januari.

Katika kiangazi cha 1936 alisafiri na timu ya pamoja ya Waingereza kwenda Argentina. Walicheza mechi kumi wakashinda zote, na mmoja wa wapinzani wao alikuwa timu ya taifa ya Argentina, waliyoifunga 23 kwa 0. Kumbukumbu nyingi zinasema kwamba katika mechi moja waliyocheza Brazili njiani, Obolensky alifunga trai 17. Hadithi za namna hiyo zilimzunguka. Inasimuliwa vilevile kwamba kabla ya mechi alikuwa akila chaza kumi na mbili. Hizo ndizo habari ambazo watu hupenda kuzikumbuka kwa mgeni anayependwa: chakula chake cha ajabu, cheo chake na nywele zake.

Aliendelea kucheza. Aliichezea Oxford tena dhidi ya Cambridge mwaka 1937, na alikuwa katika klabu za Rosslyn Park na Leicester. Mwaka 1938, alipomaliza chuo, alijiunga na jeshi la akiba la anga, katika kikosi namba 504, na vita vilipoanza mwaka 1939 akaitwa kazini moja kwa moja. Akafundishwa kuendesha ndege za kivita aina ya Hurricane. Ndege ya Hurricane ina kiti kimoja; rubani humo yuko peke yake, kama winga.

Mwisho wa Machi 1940 alipata habari kwamba ameitwa tena katika kikosi cha Uingereza, kucheza na Wales. Zilikuwa mechi za wakati wa vita zisizohesabiwa katika daftari rasmi, lakini shati lilikuwa lilelile. Kesho yake, tarehe 29 Machi, alikuwa katika mazoezi kwenye uwanja wa ndege wa Martlesham Heath, mkoa wa Suffolk. Wakati wa kutua ndege yake ilipita mwisho wa njia, ikatumbukia kwenye korongo. Alivunjika shingo. Hakupigwa risasi na adui. Ulikuwa mchana wa mafunzo. Alikuwa miongoni mwa wachezaji wa kwanza wa kimataifa wa raga kufa katika vita hivyo. Alizikwa katika makaburi ya mji wa Ipswich, ulio karibu na uwanja huo.

Mwaka 2009 mji huo ulisimamisha sanamu yake katika Cromwell Square, kazi ya mchongaji Harry Gray, na aliyeifunua ni binti wa ndugu yake, Alexandra Obolensky. Ipswich haukuwa mji wake. Hakuzaliwa hapo, hakusoma hapo, hakuwa na klabu hapo. Alifia tu karibu yake. Lakini leo ukiuliza wenyeji, watakuambia kwamba ni mtu wao.

Nikiwa nimefika hapa ningeweza kufunga kwa kusema kwamba mkimbizi yule alijibu lile swali la haki kwa miguu yake, na kwamba kaburi lake lilikamilisha jibu. Waandishi wengi wamesema hivyo. Mimi jibu hilo linanitia wasiwasi, na ndiyo sababu hasa iliyonifanya niandike.

Tuseme siku ile mpira haukumfikia. Jambo hilo huwatokea mawinga kila wiki. Angebaki kijana wa miaka 19 aliyezaliwa Petrograd, aliyesimama kwenye baridi dakika 80 karibu na mstari wa kando, na wale walionung'unika juu ya uteuzi wake wangetoka uwanjani wakisema kwamba walikuwa na haki. Lakini yeye angekuwa mtu yuleyule, mwenye jibu lilelile: mimi ni mwanafunzi wa Oxford. Jibu hilo lilikuwa kweli kabla ya trai ya kwanza. Lilikuwa kweli pia mwezi wa Februari alipofungwa mjini Dublin, na mwaka 1938 alipopata daraja la nne. Tukisema trai ndizo zilizompa haki, tumekubali kwamba wakimbizi wengine wote wa Muswell Hill, walioshona nguo, walioendesha teksi na kufundisha watoto piano, hawakuwa na haki hiyo, kwa sababu hakuna aliyewapiga filamu wakikimbia.

Liko jambo moja zaidi. Edward, aliyeuliza lile swali, akawa mfalme siku 16 baadaye, baba yake alipofariki. Kabla mwaka huo haujaisha aliacha kiti cha ufalme, na sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki aliyaishi nje ya Uingereza, hasa Ufaransa. Kati ya wale wawili waliopeana mikono Twickenham, aliyeulizwa amelala katika udongo wa nchi hiyo tangu ujana wake, na aliyeuliza alizeekea ugenini. Silisemi hili ili kumcheka. Nalisema kwa sababu linaonyesha jinsi swali la wewe ni wa wapi linavyoweza kumgeukia yeyote.

Basi narudi darasani na sentensi yangu. Mofolojia inatufundisha kwamba mkimbizi na mkimbiaji wana shina moja, na kwamba tofauti yao imo katika kiambishi. Tunapozungumza, tunasahau: tunampigia makofi mkimbiaji na kumwomba mkimbizi karatasi. Alexander Obolensky alikuwa mkimbizi miaka mingi kabla Waingereza hawajagundua kwamba ni mkimbiaji. Mhadhiri wetu aliomba sentensi moja, na hiyo ndiyo yangu. Naomba isahihishwe kama mazoezi mengine yote.